Msimu wa kipupwe nywele zina kiu, tusizipe mafuta matupu

Juni mwaka jana nilikwenda Njombe kumtembelea mdogo wangu, ambaye ameolewa huko na sasa anatimiza miaka kumi. Mimi ni mtu wa Tanga, na mtu wa Tanga hawezi kusimuliwa baridi ya Njombe akaielewa mpaka imkute mwenyewe. Jumapili jioni tulijikusanya jikoni, mlango na dirisha vimefungwa, jiko la mkaa katikati. Binti yake wa miaka tisa alikaa kwenye mkeka, kati ya magoti ya mama yake, tayari kusukwa mabutu kwa ajili ya shule kesho yake.

Mama mtu alichota mafuta ya mgando kwa vidole viwili, akayasugua viganjani, akayapaka juu ya nywele. Kisha akachukua kitana, akaanzia kwenye shina na kuvuta. Nywele zikatoa mlio kama majani makavu yanayokanyagwa. Mtoto akapiga kelele, akanigeukia mimi: "Mama mkubwa, mwambie mama ananiumiza!" Nikatazama mkekani. Palikuwa na vipande vya nywele vifupi vifupi, kama nusu ya kidole. Nikaviokota na kuvitazama kwenye taa. Havikuwa na mzizi. Nywele hazikung'oka, zilikatika.

"Nywele ngumu hizi kazitoa kwa baba yake," mdogo wangu akasema. "Na huku baridi, dada, nywele hazikui. Desemba shule zikifungwa namwekea dawa, tupumzike wote."

"Mara ya mwisho zimepata maji lini?" nikamuuliza.

"Maji? Kwa baridi hii? Unataka apate nimonia?"

Maneno hayo nimeyasikia Mbeya, Iringa, Lushoto na hata Arusha kila ifikapo Juni hadi Agosti. Ndani yake mna mambo manne tunayoyaamini bila kuyachunguza: kwamba nywele zetu ni ngumu, kwamba baridi huzizuia kukua, kwamba maji kichwani huleta nimonia, na kwamba dawa ya kulainisha ndiyo suluhisho. Msimamo wangu ni kwamba yote manne si kweli, na kwamba watoto wetu wa kike wanalipia imani hizo kwa ngozi za vichwa vyao. Nywele za binti yule hazikuwa ngumu. Zilikuwa na kiu.

Kwa nini zinakauka

Unywele ulio nje ya ngozi hauna uhai. Ni uzi wa protini iitwayo keratini, uliofunikwa na magamba madogo yaliyopangana kama vigae vya paa. Magamba yakilala vizuri, unyevu hubaki ndani na uzi hupinda bila kukatika. Yakiinuka au kubanduka, unyevu hutoka, na uzi unakuwa kama ukuti mkavu: ukiupinda unavunjika.

Ngozi ya kichwa hutengeneza mafuta yake yenyewe ya kuulinda uzi huo. Kwa mtu mwenye nywele zilizonyooka, mafuta hayo huteremka kutoka kwenye shina hadi nchani bila shida. Kwa sisi wenye nywele za kipilipili, kila unywele umejizungusha mara nyingi na mafuta hayafiki mbali. Ndiyo maana ngozi ya kichwa inaweza kuwa na mafuta huku ncha za nywele zikiwa kavu kabisa. Tena kila mahali uzi unapojipinda ni mahali pa kukatikia. Kwa hiyo tunazoziita nywele ngumu ni nywele zinazotaka mkono wa taratibu kuliko zote.

Sasa ongeza baridi. Hewa ya baridi haiwezi kubeba mvuke mwingi wa maji. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzijoto 30, kama ya Tanga mchana, inaweza kubeba mvuke wa gramu 30 hivi. Hewa ya nyuzijoto 5, kama ile ya alfajiri ya Juni kwenye nyanda za juu, haiwezi kuzidi gramu 7. Hata ukungu ukitanda asubuhi, jua likipanda na hewa ikapata joto, inabaki na maji yaleyale kidogo na inaanza kuyatafuta popote: kwenye midomo yako, kwenye visigino vyako na kwenye nywele zako. Ukifika Makambako unaongezewa na upepo. Na ukijifungia ndani, moto unaipasha hewa ileile na kuifanya iwe kavu zaidi.

Hii haina maana kwamba nywele zimeacha kukua. Unywele hukua karibu sentimita moja kwa mwezi, Njombe kama Tanga. Tatizo ni kwamba wakati wa kipupwe unakatika nchani kwa kasi ileile unayokua kwenye shina. Ni kazi ya kutia maji kwenye pakacha. Mama anachana, anapaka, anasuka, na mwaka unaisha urefu uko palepale.

Mafuta si maji

Hapa ndipo penye neno ninalotaka msomaji aondoke nalo hata akisahau mengine yote. Mafuta hayaongezi maji kwenye nywele. Kazi ya mafuta ni kufunika. Yakifunika nywele zenye unyevu, yanauzuia unyevu usitoke, na hiyo ni kazi njema sana. Yakifunika nywele kavu, yamefunika ukavu. Ni sawa na kufunika sufuria tupu ukitegemea kwamba ukifunua utakuta mchuzi.

Wengi hunipinga hapa. Mbona nikipaka mafuta nywele zinang'aa na kulainika? Ni kweli zinang'aa. Mafuta hulaza magamba na kuufanya uso wa unywele uwe laini, mwanga ukipiga unarudi vizuri. Lakini kesho yake ukishika unakuta zimekakamaa tena, na wewe unaongeza tabaka jingine. Ikifika Ijumaa kichwa kina matabaka matano ya mafuta, vumbi la barabara na moshi wa jikoni. Siku maji yakija, yanateleza juu kama kwenye jani la mgomba.

Simaanishi kwamba mafuta ya mgando ni adui. Kwa kazi ya kuzuia maji yasitoke ni hodari, na hata mimi nayatumia mikononi na midomoni. Ninachosema ni kwamba nafasi yake ni ya mwisho, baada ya maji, tena kidogo.

Mafuta ya nazi niliyokulia nayo yana sifa ya ziada. Tafiti zimeonyesha kwamba huweza kupenya ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha, kwa hiyo ni mazuri kupaka kabla ya kuosha. Nilimpelekea mdogo wangu chupa nzima kutoka nyumbani. Asubuhi akaniita kwa huzuni: "Dada, mafuta yako yameharibika, yameganda kama mshumaa." Hayakuharibika. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzijoto 24 hivi. Iloweke chupa kwenye maji ya moto dakika chache, yanarudi kama yalivyokuwa.

Nimonia haitoki kwenye nywele mbichi

Mafua huletwa na virusi. Nimonia huletwa na bakteria, virusi na vimelea vingine. Havizaliwi na maji ya kuosha nywele. Magonjwa hayo huongezeka wakati wa baridi kwa sababu nyingi, na mojawapo ni kwamba tunajazana kwenye vyumba vilivyofungwa na kukoholeana.

Hata hivyo, wazee wetu hawakutunga woga huo kutoka hewani. Mwili uliolowa hupoteza joto haraka, na mtoto mchanga au mzee sana hapaswi kukaa na kichwa kibichi kwenye upepo. Jibu la hofu hiyo ni kuchagua saa na kukausha vizuri. Kukaa miezi miwili bila maji hakumsaidii mtu. Jumamosi saa sita mchana, jua likiwa limetoka, maji ya uvuguvugu hayamdhuru mtoto mwenye afya. Wala si lazima iwe kila siku. Chama cha madaktari wa ngozi cha Marekani hushauri watu weusi waoshe nywele mara moja kwa wiki au kila baada ya wiki mbili, na kiasi hicho kinatosha.

Kama kulikuwa na hatari ya kifo jikoni mle Jumapili ile, haikuwa maji. Ilikuwa lile jiko. Mkaa ukiwaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Mtu huanza kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi, na usingizi huo wengine hawaamki. Niliinuka nikafungua dirisha, shemeji yangu akalalamikia baridi, na dirisha likabaki wazi. Msomaji, usimkaushe mtoto nywele juu ya jiko kwenye chumba kilichofungwa, na usilale na jiko chumbani hata likionekana limekuwa majivu.

Dawa ya Desemba na rasta za kubana

Sasa nije kwenye ile Desemba ya mdogo wangu. Dawa ya kulainisha nywele ni kemikali kali. Kipimo cha pH cha nyingi kati ya hizo ni 12 hadi 14, wakati maji safi ni 7. Huvunja vifungo vya protini vinavyoupa unywele mzunguko wake, na uzi ulioguswa haurudi tena ulivyokuwa. Ikikaa kwenye ngozi huunguza, ikiingia jichoni huweza kujeruhi vibaya. Kichwani mwa yule mtoto tayari nywele zilikuwa zimekauka na ngozi ina michubuko ya kitana. Ukiongeza dawa juu yake, kisha baada ya miezi miwili retachi, kisha nyingine, usishangae zikikatika katikati.

Kuna jambo jingine ambalo kila mzazi anastahili kulijua. Mwaka 2022 watafiti wa Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Kwa wale ambao hawakuwahi kutumia bidhaa za kunyoosha nywele, ilikadiriwa kwamba asilimia 1.64 wangepata saratani ya mfuko wa uzazi kufikia umri wa miaka 70. Kwa waliozitumia zaidi ya mara nne kwa mwaka, makadirio yalifika asilimia 4.05. Utafiti huo haukuthibitisha kwamba bidhaa hizo ndizo zilizosababisha saratani. Ulionyesha kwamba vitu hivyo viwili vinakwenda pamoja, na saratani yenyewe bado si ya watu wengi. Mtu mzima anaweza kusoma hayo akaamua mwenyewe. Mtoto wa miaka tisa hawezi, na ukimwanzishia sasa unamtwisha miaka mingi kuliko uliyojitwisha wewe.

Njia nyingine tunayoitumia kuficha nywele zilizokauka ni kuzisuka rasta ndogondogo za kubana, zisionekane mpaka baridi iishe. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu lilinikuta. Nilipokuwa nasoma Mbeya nilisukwa hivyo, nywele zikiwa kavu. Usiku ule sikulala, nilimeza dawa ya maumivu mara mbili. Kesho yake vipele vidogo vikatokea kwenye paji la uso, pale nywele zinapoanzia. Nilirudi saluni, msusi akaniambia nivumilie, rasta zitalegea zenyewe. Nikavumilia, msimu hadi msimu, miaka mitatu. Leo nina miaka arobaini na tatu, na juu ya masikio yangu hakuna nywele. Daktari wa ngozi alinieleza kwamba vinyweleo vilivyovutwa muda mrefu vimegeuka kovu, na hakuna mafuta yatakayoviotesha tena. Laiti ningefumua siku ile ya kwanza, zingerudi. Nywele zilizopotea kwa kuvutwa hurudi ikiwa mtu atawahi, akichelewa, hazirudi.

Kwa hiyo wanaponiambia kwamba nywele ni urembo na ukurasa wa afya ungeshughulika na malaria na shinikizo la damu, ninawasikiliza lakini siwakubalii. Kichwa kilichoungua ni jeraha. Kovu la kudumu ni ulemavu mdogo tunaoufunika kwa kilemba. Na mtoto anayefundishwa kwamba nywele alizozaliwa nazo ni adhabu aliyorithi kwa baba yake, hilo nalo ni jambo la afya, ingawa haliwezi kupimwa maabara.

Tulivyofanya Jumamosi iliyofuata

Jumamosi ile niliomba nikabidhiwe kichwa cha mtoto. Tulianza saa tano na nusu asubuhi kwenye baraza inayopigwa na jua. Nilizigawa nywele mafungu manne na kupaka mafuta ya nazi niliyoyayeyusha, tukakaa nusu saa tukimenya viazi. Kisha maji ya uvuguvugu, niliyopima kwa kiwiko kama mtu apimavyo maji ya mtoto mchanga. Maji ya moto sana hukausha ngozi na nywele pia. Shampuu niliitia kwenye ngozi ya kichwa tu, kwa kuwa povu linaloteremka linatosha kusafisha ncha. Sabuni ya mche ya kufulia niliikataa kabisa, kwani huinua magamba ya nywele na kuziacha zikikwaruzana.

Baada ya kusuuza nilipaka kondishena ya kutosha, nikaiacha dakika kumi, nikaanza kuchambua kwa vidole, fungu baada ya fungu. Vidole vilipopita ndipo nikaleta chanuo la meno mapana, nikaanzia nchani na kupanda taratibu kuelekea kwenye shina. Mdogo wangu alikuwa ameketi pembeni akisubiri kilio. Hakikuja. Nywele zinyweshwapo maji hulainika na kukubali kupinda, na kondishena huzifanya ziteleze. Hiyo ndiyo siri yote ya kutomliza mtoto.

Nilisuuza tena, nikazikausha kwa fulana kuukuu ya pamba kwa kubonyeza bila kusugua. Zikiwa bado na unyevu nikapaka losheni ya nywele. Hapa msomaji jifunze kusoma lebo: kiambato cha kwanza kiwe maji, ambayo mara nyingi huandikwa "aqua". Kama cha kwanza ni mafuta, hiyo si losheni ya kuongeza unyevu. Angalia pia tarehe ya mwisho wa matumizi na alama ya TBS. Mwisho kabisa nikapaka mafuta kidogo, hasa kwenye ncha, kuufungia ule unyevu ndani. Maji, losheni, mafuta: utaratibu ni huo, na ukiugeuza unapoteza kazi yako.

Kisha nilimsuka kwa uzi, mafungu makubwa yasiyobana, kama bibi yetu alivyotusuka sisi. Uzi huzinyoosha nywele bila pasi wala draya na huzificha ncha zisipigwe na upepo. Kabla jua halijapoa kichwa kilikuwa kikavu.

Katikati ya wiki haikuhitajika kuosha. Nilimwachia mdogo wangu chupa ya kupulizia yenye maji safi na kondishena kidogo, apulizie mara mbili au tatu kwa wiki, jioni mapema, kisha mafuta kidogo juu. Anayetaka anaweza kuongeza gliserini, ambayo inapatikana duka la dawa kwa bei ndogo, ila iwe kijiko cha chai kimoja kwa kikombe cha maji. Gliserini huvuta maji, na hewa ikiwa kavu haina maji ya kutoa. Ukiipaka tupu bila kuichanganya, nywele hubaki zinanata na hazinufaiki. Wala usiloweshe kichwa kila siku. Nywele zinazovimba kwa maji na kusinyaa kila leo nazo huchoka.

Usiku alifunga kitambaa cha satini. Khanga na mito ya pamba hunywa unyevu na kuzikwaruza nywele, na kofia za sufu ambazo huko kila mtu anavaa ni mbaya zaidi. Sisemi mtoto aende shule bila mzula wake kwenye baridi ile. Fundi cherehani wa mtaani alitushonea bitana ya satini ndani ya kofia kutoka kwenye mabaki ya gauni, na hakutoza zaidi ya pesa ya uzi.

Majirani walishauri nimpake parachichi, na Njombe parachichi si tatizo. Lakini tunda lililopondwa huacha mabonge yanayotaka kuchanwa, na tutarudi kulekule kwenye kilio. Mafuta yake yaliyokamuliwa ni mazuri kwa kufungia unyevu. Tunda lenyewe mpe mtoto ale.

Si kila ukavu ni wa baridi

Kuna ukavu ambao maji na losheni havitauondoa, kwa sababu ni dalili ya ugonjwa. Ngozi ikitoa magamba na kuwasha, hasa magamba yenye mafuta, inaweza kuwa mba. Mba huhusiana na fangasi wanaoishi kwenye mafuta ya ngozi, kwa hiyo kumwagia mafuta mengi kichwani ni kuwapelekea chakula. Kuna shampuu za dawa kwa ajili hiyo, muulize mfamasia.

Mtoto akiwa na mabaka ya mviringo ambayo nywele zimekatikia kwenye ngozi, hayo huenda ni mapunye. Huambukiza kwa vitana, kofia na mashine za kunyolea, na hayaponi kwa mafuta ya kupaka peke yake; huhitaji vidonge vya kumeza vinavyotolewa na daktari kwa wiki kadhaa. Mpeleke zahanati kabla hajawagawia nduguze.

Na wewe mama, ukiona nywele na ngozi zimekauka, unasikia baridi kuliko wenzako, umechoka bila sababu, choo kigumu na uzito unapanda, usilaumu kipupwe. Inaweza kuwa tezi ya shingo inafanya kazi chini ya kiwango. Nyanda za juu kusini zilijulikana zamani kwa rovu kutokana na upungufu wa madini joto, na ndiyo sababu tunahimizwa kutumia chumvi iliyoongezwa madini hayo. Upungufu wa damu pia huweza kuleta uchovu na nywele kunyonyoka. Vyote hivyo hupimwa kwa damu kidogo, na vina tiba.

Ninachoomba

Kwa akina mama na walezi, naomba mtenge saa moja na nusu ya Jumamosi mchana, na kabla ya kununua kopo jingine la mafuta mnunue chupa ya kupulizia. Kwa wasusi, ambao wengi ni mafundi kwelikweli, naomba maji yawe ya kwanza kabla ya kitana, na msikubali kuweka dawa kwenye kichwa cha mtoto hata mama yake akiwasihi. Mteja akisema inauma, legezeni, hajakosa uvumilivu. Kwa matroni wa shule za bweni za nyanda za juu ambazo wasichana wanaruhusiwa kusuka, naomba maji ya moto ya siku moja kwa wiki yawepo, mchana na si usiku.

Agosti mdogo wangu alinipigia simu. Alisema vipande mkekani vimepungua, na kwamba binti sasa huja mwenyewe na chanuo lake mkononi bila kukimbizwa. Desemba ilipofika hakuna aliyetaja dawa. Nilipouliza nywele zimekuaje, mtoto akampokonya mama yake simu: "Shikamoo, mama mkubwa. Sasa nikizivuta zinafika begani!" Nikamwambia marahaba, ila asizivute.